Bwana Kimondo Hakufika kwa Mama Yake

Genge la Pili, Bandarini,
Mwanza.
9 Septemba 1974

Ndugu Mhariri wa gazeti la katuni la Bwana Kimondo,

Pokea salamu za watu wa kazi. Mimi ni kuli hapa bandarini, mtu wa Kamachumu, upande wa Bukoba, shule niliishia darasa la tano. Toleo lako la kumi na moja lilitoka mwaka 1967, lakini mimi nimelipata mwezi uliopita kwa Mayala, kinyozi wa Mirongo, anayewawekea wateja magazeti ya zamani kwenye benchi. Usidhani nimechelewa kulalamika. Gazeti ndilo lililochelewa kufika.

Saa ya chakula huwa nawasomea wenzangu. Tuko kumi na wawili, na toleo hili limetuvunja moyo kama ifuatavyo.

Kwanza. Ukurasa wa tatu, Bwana Kimondo anapata barua kwamba mama yake mgonjwa anamwita. Huyu ni mtu anayeruka kuliko ndege. Karibu kurasa zote zilizobaki anasimama juu ya paa, mikono kiunoni, anafikiri. Mwisho akatuma salamu. Mwenzetu Ngosha aliniambia nirudie, huenda nimeruka ukurasa. Nikarudia. Hakwenda. Mzee Shimba, kiongozi wa genge letu, akasema huyo si shujaa, ni mtoro aliyevaa joho.

Pili. Ukurasa wa kumi na tano anapakua meli nzima peke yake kwa mkono mmoja, makuli wamesimama wanapiga makofi. Hapa kwetu gunia hupandishwa mgongoni na wenzako wawili. Anayejitwika mwenyewe, siku hiyo hatuli naye, kwa sababu kesho msimamizi atataka wote tubebe hivyo. Tena huu ulikuwa mwaka wa Azimio la Arusha.

Tatu. Nguo yake haina mfuko hata mmoja. Angekwenda, sukari na kitenge cha mama angevibeba wapi? Mtu haingii kwao mikono mitupu. Juu ya hili tulibishana mpaka king'ora kikalia na ugali umepoa.

Nne. Analala juu ya mapaa. Hakuna balozi wa nyumba kumi anayemjua. Akifa, nani atapeleka habari kwao?

Linaloniuma zaidi ni lile la kwanza, kwa sababu watu wanajifunza kutoka magazetini. Mimi pia ninaye mama. Macho yake yamefifia, na dada yangu Renatha ameandika mara mbili kwamba kila mtu akibisha hodi, mama anataja jina langu. Lakini mimi siruki. Bwana Kimondo hana kisingizio.

Kwa hiyo tunaomba uchape upya toleo hilo. Afike kwao ukurasa wa nne, na kurasa zilizobaki akae. Apasue kuni, aezeke jiko, asikilize habari za migomba. Waovu wa mjini watasubiri. Kama haiwezekani, basi anyang'anywe kuruka, apande meli daraja la tatu kama sisi, akalie mizigo usiku kucha, na akifika aombe radhi kwa maandishi.

Genge zima linakusalimu, pamoja na Mayala kinyozi. Nasi tunawasalimu wachoraji wako, ila yule aliyechora paa.

Mimi, mwenye mgongo mchovu na nia njema,
Rwegasira

Nyongeza: Nimewasomea wenzangu barua hii kabla ya kuitia gundi. Hakuna aliyecheka. Mzee Shimba aliuliza tu likizo yangu nilipewa lini. Nilipewa Juni. Na meli ya Bukoba tunaipakia sisi wenyewe. Jumanne niliingia ndani yake mara arobaini na mbili, na mara zote nilishuka. Naomba lalamiko la kwanza ulifute, pamoja na adhabu. Ukijibu, usiandike bandarini. Andika kwa Renatha, parokiani Kamachumu, nami nitamsomea mama.