Kutawazwa kwa Mashine ya Sidii Nyumbani kwa Bwana Sikio

Nyamazeni, enyi mliokaa na mliosimama, mlioshiba na mnaosubiri kupakuliwa! Fungeni madirisha, zimeni feni, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwani habari ninayoileta haitaki kelele. Sisimulii vita vya wafalme waliogombea miji, wala safari za majabari waliovuka majangwa. Hao wana waandishi wao, tena wanaolipwa vizuri. Nasimulia jinsi mfamasia wa mtaa wetu, Bwana Sikio, Mchagua-Nyaya, Adui wa Vumbi, Mmiliki wa Spika Mbili Zinazomzidi Mkewe Kimo, alivyoiuzulu mashine yake ya zamani ya kupigia sidii akaleta mpya, na jinsi ufalme wake wa sebuleni ulivyonusurika chupuchupu. Mimi ni fundi bomba, jirani yake ukuta kwa ukuta. Nilikuwepo, nilikaa kwenye kiti cha plastiki, na yeyote atakayesimulia vinginevyo ni mwongo.

Jueni kwanza mipaka ya ufalme wenyewe. Sebule ya Bwana Sikio ilikuwa sebule kwa jina tu. Sofa lilikwisha kufukuzwa kitambo, likatupwa koridoni kwa kosa la kumeza sauti. Zulia lilikuwa limetundikwa ukutani ili lizuie mwangwi, na sakafu ikabaki tupu. Meza ya chakula ilisukumwa pembeni, watu wakala wakiwa wamegeukia ukuta. Katikati palibaki kiti kimoja, kiti cha kusikilizia, na hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kukikalia isipokuwa mwenyewe, kwa kuwa hapo tu, alisema, ndipo sauti za spika zote mbili zilipokutana.

Na mkewe? Ah, mkewe! Mkunga wa hospitali, Mpokea-Watoto, mwanamke ambaye neno lake moja humfanya hata daktari avae glavu upya. Mama huyu alishinda amesimama kutwa nzima wodini, akirudi nyumbani akavua viatu, akatazama huku na huku, akaenda kukaa kitandani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Alivumilia. Lakini uvumilivu wa mkunga si wa kuuchezea.

Hata ikawadia siku ile mashine mpya ilipofika. Haikuletwa, iliingia. Ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji, na tuliibeba ngazini mimi na yeye, tukihema, tukipumzika kila kona, shujaa akinionya kwa ukali wa jemadari, "Fundi, usiinamishe! Fundi, pole pole, hiyo si sinki!" Tulipoitua juu ya kabati alivaa glavu nyeupe za duka lake la dawa, akaipangusa, akarudi nyuma hatua chache, machozi yakamlengalenga. Hapo Mkunga akaingia, yumo ndani ya sare, viatu mkononi.

"Ewe mke wangu!" akanguruma Bwana Sikio. "Nguzo ya nyumba hii, mpokea-watoto usiyetetemeka! Tazama aliyeingia leo chini ya paa letu! Gamba lake ni chuma kitupu, moyo wake haugusani na umeme wake, na trei yake hutoka bila hata mlio. Miaka yote tumesikiliza kwa kuchungulia, kama watu waliosimama nje ya mlango. Kuanzia leo tutasikia yale ambayo masikio ya mwanadamu katika mtaa huu hayajapata kuyasikia!"

"Ya zamani imeharibika?" akauliza Mkunga.

"Haijaharibika."

"Sasa?"

"Inasema, mke wangu, lakini haisemi yote."

"Baba watoto, mimi nimesimama tangu asubuhi. Nionyeshe pa kukaa."

Shujaa akatazama kulia, akatazama kushoto. Palikuwa na kile kiti kimoja. Nasikitika kusema kwamba hakukitoa.

Ndipo Mkunga akaweka viatu chini, akavuta pumzi puani, fyu, na ulimi ukagonga kidogo, kama afanyavyo kila anapotaka kutoa amri. Mtaa mzima tunaijua pumzi hiyo. Mimi hunifikia kupitia ukutani, kabla sijaambiwa habari za tangi langu linalovuja. "Sikiliza," akasema. "Jumapili tukishakula tutakaa hapa, tutazisikiliza zote mbili. Ukinionyesha kitu kimoja, kimoja tu, kinachosikika kwenye hii na kwenye ile hakipo, ibaki. Ukishindwa, inarudi dukani, haya makabati yako mawili ya spika yanaenda stoo, na sofa langu linarudi. Na mwamuzi si wewe. Wewe unasikia hata visivyokuwepo."

"Na iwe hivyo!" akajibu shujaa. "Waje waamuzi!"

Mkunga alinichagua mimi, kwa hoja kwamba masikio yangu yameliwa na nyundo na mabomba, basi sidanganyiki kwa maneno matamu. Bwana Sikio naye, akitafuta damu yake imtetee, alimchagua dada yake mkubwa, mshonaji. Alipotajwa huyo, Mkunga akaviokota viatu vyake.

Hapa sina budi kusimama niwaeleze vita vingine, vikubwa kuliko hivi. Zamani kidogo mtaa wetu ulikuwa na kwaya ya kina mama, na kwaya ile ilirekodi sidii. Katika wimbo wa tatu, kabla ya ubeti wa mwisho, waimbaji hunyamaza kwa muda, mwalimu ameinua mkono, kisha wote huingia pamoja. Siku ya kurekodi, mmoja hakungoja mkono. Sauti yake ilichomoka peke yake mahali pa kimya, ikabaki hivyo milele, kwa sababu studio ilikuwa ya kukodi na zamu yao ilikuwa imekwisha. Mkunga na Mshonaji walisimama bega kwa bega. Mwalimu alipouliza ni nani, Mkunga akasema, "Si mimi. Ni wifi." Nani angebishana na Mkunga? Mshonaji alikana, akalia, hakuna aliyemwamini. Wakambandika jina la Kimbelembele, watoto wakamwita hilo njiani. Akaacha kwaya, na baadaye akaacha kuja nyumbani kwa kaka yake. Nani aliyekuwa na ushahidi? Kwenye mashine zetu zote sauti ile ilisikika kama uji. Ingeweza kuwa ya mwanamke yeyote.

Jumapili ikafika. Mshonaji alikuja kwa heshima ya kaka yake, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, akaketi ukingoni mwa stuli kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. "Karibu wifi," akasema Mkunga. "Asante wifi," akajibu.

Shujaa akaanza mashambulizi. Akapiga sidii ya vinanda kwenye mashine ya zamani, kisha ileile kwenye mpya, amefumba macho, mikono ikielea hewani. "Mmesikia jinsi kinanda cha pili kilivyosogea nyuma ya cha kwanza?"

"Kimesogea kwenda wapi?" akauliza Mkunga.

"Mimi naona zote zinalia," nikasema, kwa uaminifu wa kiti changu.

"Kaka, samahani," akasema dada yake, "mimi pia sijasikia tofauti."

Akaleta tarumbeta. Tarumbeta ikaanguka. Akaleta ngoma, zikaanguka nazo. Jasho likamtoka shujaa, akapangusa nyaya, akasogeza spika kwa upana wa kidole, akaomba tuketi wima. Mkunga alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mahali sofa litakapokaa, na uso wake ulikuwa mtulivu wa mtu anayejua leo atanyoosha miguu.

Ndipo Bwana Sikio, akiwa amebanwa hadi ukuta wa mwisho, akafanya kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa aina yake tu, mtu anayewaza sauti na kuwasahau wenye sauti. "Nimetambua!" akapaza. "Tunawasikiliza wageni! Mashine hupimwa kwa sauti tunazozijua!" Na mkono wake, bila kushauriana na akili, ukachomoa sidii ya kwaya.

"Hiyo iache," akasema Mkunga.

Alikuwa amekwisha kubonyeza.

Ilianza mashine ya zamani. Wimbo wa tatu ukaenda, kimya kikafika, ule uji ukachomoka mahali pake, na sote tukatazama chini kama ilivyo desturi. Mshonaji alitazama pindo la gauni lake. Kisha ikaja zamu ya mpya.

Wallahi, mimi si mtu wa kusifia vyuma. Lakini wale kina mama waliingia sebuleni wakapanga safu. Ulimsikia wa kulia akibadilisha mguu. Ulisikia kiatu cha mwalimu kikigonga sakafu. Wimbo ukapanda, ukashuka, kimya kikafika, na ndani ya kile kimya, upande wa kushoto kabisa, mtu akavuta pumzi puani, fyu, na ulimi ukagonga kidogo. Kisha sauti ikachomoka.

Hata mimi, mwenye masikio yaliyoliwa na mabomba, niliruka kwenye kiti nikidhani tangi langu linavuja.

Mkunga alikuwa ameshika kitambaa cha meza, na kidole chake kilikuwa kinazungusha uzi mmoja, kinazungusha. Kama siku zote alijua, au aliamini kabisa maneno yake mwenyewe hadi dakika ile, mimi sijui, na sitamhukumu. Nilichokiona ni mwanamke aliyeogopa, na sikuwahi kumwona akiogopa. Mshonaji alikuwa amefunga macho.

Sasa mtazameni shujaa wetu! Ushindi ulikuwa mkononi mwake. Kitu kimoja, kimoja tu, ndio mkataba, na kitu chenyewe kilikuwa kimesimama katikati ya sebule kinapumua. Angenyoosha kidole na kusema, "Mmesikia ni nani?" na mashine ingekaa pale hadi wajukuu. Akaitazama mashine, gamba lake la chuma, taa yake ndogo ya buluu. Akamtazama mkewe. Ninaapa hakuna jemadari aliyepigana vita virefu kuliko hivyo akiwa amevaa malapa.

"Hakuna tofauti," akasema Bwana Sikio. "Sikusikia kitu. Kesho naipeleka dukani." Akainama nyuma ya kabati, akaanza kuchomoa waya wa spika.

Mkunga akanigeukia. "Fundi, na wewe?"

"Masikio yangu si unayajua," nikasema. Iandikwe hivyo hivyo. Nilikuwa karibu na mlango.

"Kaka, acha huo waya." Ilikuwa sauti ya Mshonaji. "Mimi nimesikia."

"Umesikia nini, wifi?" Mkunga aliuliza kwa sauti ndogo kiasi kwamba mashine ya zamani isingeweza kuitoa.

Mshonaji akamtazama. Alimtazama kwa muda wa majina yote aliyoitwa njiani, na nikadhani sasa paa linaezuliwa. Kisha akalinyoosha gauni lake magotini.

"Besi," akasema. "Besi imeshuka vizuri."

Besi! Kwaya ya wanawake watupu, wimbo usio na ngoma wala gitaa, besi itoke wapi? Lakini aliitamka kama hakimu anayesoma hukumu, na hakuna aliyepinga.

Mkunga akainuka. Akabonyeza mahali anapobonyeza mumewe, trei ikatoka bila hata mlio, akaitwaa ile sidii, akaitia kwenye kasha lake, akampa wifi yake kwa mikono miwili, jinsi mtu aliyeshindwa anavyokabidhi upanga.

"Chukua, wifi. Ilikuwa mimi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Atakayekuita lile jina, mpigie hii asikilize."

"Nitampigia na nini? Kwangu nina redio tu."

"Basi mlete hapa. Mlete na mwalimu wa kwaya mwenyewe. Nitawapikia mimi, na nitamwambia kwa mdomo wangu."

Bwana Sikio, kichwa bado kiko nyuma ya kabati, akauliza kwa unyenyekevu, "Kwa hiyo waya niurudishe?"

"Urudishe," akasema Mkunga. "Sasa mashine ikienda dukani, wifi atasikilizia wapi? Ila hicho kiti chako kinatoka, na sofa linaingia leo hii."

Tukalitoa sofa koridoni, mimi na shujaa, tukalipitisha mlangoni kwa ubavu, tukaliweka palepale ambapo, kwa mujibu wa sayansi yake, litaharibu kila kitu. Mkunga akakaa, akanyoosha miguu. Akapiga mkono pembeni yake, na Mshonaji akahama kutoka kwenye stuli. Shujaa akabanwa mwishoni kabisa, sikio moja limegusana na spika, jingine halisikii chochote.

Basi piga vigelegele, ewe mtaa! Iandikwe katika historia, na wakaguzi wa historia wasome: Bwana Sikio, aliyejisifu maisha yake yote kwamba anasikia hata vumbi likitua, aliitetea mashine yake na nyumba yake siku aliposema hakusikia kitu. Hakuna mfalme aliyeongeza himaya kwa neno fupi kama hilo.

Mshonaji alikuwa amekwisha kufungua mkoba ili alitie lile kasha. Akasita, akalitoa tena.

"Kaka," akasema, "kabla sijaondoka, hebu turudishie pale kidogo."

Shujaa akamtazama mkewe.

"Mrudishie," akasema Mkunga.

Akarudisha. Mshonaji akasikiliza akiwa amefumba macho, akashusha pumzi, akasema, "Tena." Akarudisha tena. Mimi nilikuwa na bomba la mtu la kuziba, nikaaga, nikashuka ngazi, na hadi nafika chini bado niliisikia ile besi ikishuka.