Marahaba ya Kwenye Kaseti

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nimeumbuka tena. Nilimwamkia Mzee Mwinshehe, fundi redio, akaitikia. Kufika konani, mashaka: je, alinisikia? Labda aliitikia mtu mwingine! Nikarudi. Shikamoo. Nikarudi tena. Mzee akauliza kama nimetumwa. Jumamosi darasa letu linakwenda Mikumi kuona tembo, na Mwalimu Celestina kasema basi halisubiri mtu. Nikichelewa, Paulo atakaa na Winnie. Paulo! Na ile miwani yake ya jua!

Jumanne, 7 Juni
Nimepona, karibu! Ndani ya robota la mitumba la mama limetoka jarida la Kiingereza. Linasema ugonjwa wangu wa mashaka hupita kwenye saketi, yaani nyaya za ubongo: ya hofu, ya mazoea, ya breki. Kila saketi na tiba yake, ila kwanza ijulikane ipi mbovu. Mtaa mzima ni mimi tu niliyelielewa. Basi daktari ni mimi. Nimeamua: hofu. Tiba: kuikabili. Kesho simwamkii mtu.

Jumatano, 8 Juni
Nilimpita Mzee kimya. Kabla sijapona, habari zikamfikia baba. Nikapelekwa kuomba radhi, na jogoo wetu mkononi. Baadaye nikarudi kuhakikisha radhi imepokelewa. Mzee akasema imepokelewa, imeshachinjwa, iko jikoni.

Alhamisi, 9 Juni
Si hofu. Mazoea! Tiba: badala ya kurudi, fanya kitu kingine. Nimechagua kupiga makofi. Sasa napiga makofi, halafu narudi. Shamimu, mjukuu wa Mzee, kaniuliza kwaya yetu ina watu wangapi.

Ijumaa, 10 Juni
Mzee kachoka. Kasema, “Kija, niamkie leo shikamoo za mwezi mzima, nikuitikie zote, kisha kila mtu ashike njia yake.” Hapo hapo nikang'amua: breki! Saketi yangu inataka breki ya nje. Nikamwomba arekodi marahaba kwenye kaseti. Kajaza upande mzima, kwa moyo mkunjufu, na redio kaniazima.

Jumamosi, 11 Juni
Ushindi! Nimewahi basi. Nimekaa na Winnie! Kila mashaka yakinishika, nabonyeza: “Marahaba, mwanangu.” Njia nzima, marahaba. Kabla hatujafika Mikumi Winnie kahamia kwa Paulo. Bila sababu yoyote. Kwenye kurudi, nikamfuata kumuuliza, kahama tena. Kila nikimfuata, anahama.

Maskini. Saketi ya mazoea, bila shaka. Jumatatu naanza kumtibu.