Kiti Hakitoki Bila Laiki Elfu

Taarifa kwa umma. Shirika letu, lisilo la serikali wala la faida, linaloazimisha viti vya magurudumu kwa wasioweza kutembea, limeingia rasmi zama za ushirikishwaji wa jamii kidijitali. Yaani kwa lugha ya mtaani, ukitaka kiti, tuonane kwanza mtandaoni.

Mimi ndiye Afisa wa Dole Gumba. Kazi yangu kulaiki. Kamati ya Ushirikishwaji iliunda cheo hiki baada ya vikao vingi na soda nyingi, ikanichukua mimi kwa sababu siku ya usaili simu yangu pekee ndiyo ilikuwa na chaji. Shule niliiacha njiani, lakini dole gumba haliulizwi cheti.

Utaratibu ni mwepesi. Kila kiti kikitoka, Mkurugenzi anapigwa picha akikikabidhi, na picha inapandishwa kwenye ukurasa wetu. Ikifika laiki elfu moja, kiti kingine kinaruhusiwa. Isipofika, basi jamii haijashirikishwa, na jamii isiyoshirikishwa utaipaje kiti? Itakikalia vibaya.

Ndiyo maana viti vimejaa stoo hadi dari. Mama Stoo anavifuta vumbi kila asubuhi, vinang'aa kuliko sisi.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa bibi yangu mzaa mama. Nyonga imemgomea, anashinda kitandani anatazamana na ukuta. Alitaka kitu kimoja tu: kukaa kibarazani asikie umbea ungali wa moto. Sisi tulikuwa tunamletea umeshapoa.

"Si unajiita mkubwa huko?" akaniuliza. "Waambie wanipe kiti."

"Bibi, laiki zimekwama mia sita."

"Zimekwama wapi? Zivutwe."

"Watu hawabonyezi. Wamenuna."

"Wamenuna nini?"

"Wanataka viti."

"Na viti havitoki mpaka wabonyeze."

"Ndiyo hivyo."

Akanitazama kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai. "Mjukuu wangu, huko kazini kwenu kuna mtu mzima hata mmoja?"

Swali hilo nililifikisha kwenye kamati, nikalivalisha tai kidogo. Kamati ikabaini kuwa tatizo ni maua. Maana watu walikuwa wanaandika chini ya picha, "Viti vinatoka lini?" na sisi, kwa mujibu wa mwongozo, tunamjibu kila mmoja, "Asante kwa mrejesho wako, tunakuthamini," na ua moja. Ikaazimiwa maua yawe mawili.

Watu wakarudi kuondoa laiki zao.

Hapo Mkurugenzi akatangaza kwamba atajitoa mhanga. Atacheza muziki, laivu, jamii imwone ni mwenzao. Akaja na suti ya kubana na viatu vyenye ncha. Mimi nikashika simu. Alianza vizuri tu, mabega yanatangulia, kitambi kinafuata nyuma kama msindikizaji. Kwenye kuzunguka, zulia likaenda huku, yeye akaenda kule. Kifundo cha mguu kikaumuka kama puto.

"Leteni kiti," akasema akiwa sakafuni.

Mama Stoo akaja na funguo kiunoni, mikono mitupu. "Bosi, posti iko mia tano na kitu. Haijatimia."

"Mama, mimi ndiye Mkurugenzi."

"Najua, baba. Saini yako si ndiyo iko kwenye utaratibu uliobandikwa pale mlangoni?"

"Basi naufuta huo utaratibu."

"Unafutwa na kamati. Na kikao cha kamati kinafunguliwa Mkurugenzi akiwa amesimama. Uliandika mwenyewe, ukasema ni heshima."

Akajaribu kusimama. Akakaa.

Simu bado iko laivu, na watazamaji wanamiminika. Bosi akaigeukia kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona ofisini. "Ndugu zangu, nibonyezeeni. Naumia."

Majibu yakashuka kama mvua. "Asante kwa mrejesho wako, tunakuthamini." Kila mmoja na maua yake mawili.

Nikaona afisa anatakiwa atoe ufafanuzi. Nikajigeuzia simu. "Wanangu, foleni ni foleni. Wa mbele ni bibi yangu, wengine wanafuata, bosi yuko mkiani. Mkifikisha elfu, kinatoka cha bibi."

Sikumaliza hata kumeza mate. Elfu ilifika, ikapitiliza, simu ikawa ya moto mkononi.

Bibi alikabidhiwa kiti kibarazani na Mkurugenzi mwenyewe, kama utaratibu unavyotaka, bosi akiwa mguu mmoja juu, ameng'ang'ania bega la Mama Stoo. Picha nilipiga mimi. Bibi katoka vizuri, bosi kafumba macho. Watu wakabonyeza. Akafuata fundi cherehani, wakabonyeza. Bosi akawa anaruka nyumba hadi nyumba kama panzi anakabidhi, mpaka stoo ikabaki na kiti kimoja na foleni ikabaki na mtu mmoja.

Picha ya mwisho ina laiki nne. Kila asubuhi bosi anasukumwa hadi mezani kwangu kwa toroli la madumu ya maji.

"Zimefika ngapi?"

"Asante kwa mrejesho wako, bosi."

Jana nikamwonea huruma, nikapita kibarazani. "Bibi, na wewe mbonyezee mzee wa watu."

"Ningembonyezea, mjukuu wangu," akasema, "ila bando limeisha." Na simu yake mkononi ilikuwa inaonyesha, kwa mara ya sijui ngapi, bosi anacheza.