Mioyo Mitatu ya Pweza

Habari ilitua kijiweni Magomeni kabla kahawa haijazunguka: pweza ana mioyo mitatu. Aliyeileta ni Shamimu, anayesomea shahada ya uzamili na kutafiti pweza wa Mnazi Bay, na masikini ya Mungu hakuileta ili watu wacheke. Msimamizi wake chuoni alikuwa amegoma kupokea ripoti mpaka aone picha ya wananchi wakisikiliza elimu. Picha moja tu. Wala hakudai wawe wameelewa.

"Hiyo kamba, dada," alisema Bakari, waliyemwita Wakili kwa sababu hajakubali jambo tangu aachishwe ziwa. "Nimekula pweza toka utotoni, sijakuta hata mmoja."

"Unameza bila kutafuna," akadakia Josephu, yaani Redio Mbao. "Mimi nilimuona wa mioyo mitano kule Msimbati. Alikuwa analia."

"Analia nini?"

"Mioyo mitano, bwana. Wewe huo mmoja tu shemeji anakuliza kila wiki."

Asgarali, waliyemwita Jumla kwa duka lake la jumla, aliyeaga nyumbani kwamba anakwenda msikitini, alishusha pumzi. "Mwenzetu kajaliwa. Mimi ninao mmoja, na mke wangu Zainabbai kaujaza wote, hata pa kuweka mke wa pili hamna."

Shamimu akajikaza. "Wazee wangu, miwili inasukuma damu kwenye matamvua, yaani mashavu ya kupumulia, wa tatu mwilini. Na pweza akiogelea, huo wa tatu unasimama."

"Basi kafa," alisema Wakili.

"Hajafa, baba."

"Moyo umesimama na hajafa? Sasa sisi tuzike lini?"

Hapo pakachafuka. Redio Mbao alidai kuna mjomba wake alisimama moyo akamalizia kupalilia mikorosho. Jumla akataka kujua kama huyo mjomba alikuwa anaogelea. Shamimu akampa muuza kahawa simu yake na kuwaomba wanyamaze kidogo tu apigwe picha anafundisha. Wote walikubali, tena kwa moyo mkunjufu.

"Nyamazeni, dada apigwe picha," alipaza Wakili.

"Anayepiga kelele ni wewe," alisema Redio Mbao.

"Mimi natangaza ukimya."

"Ukimya hautangazwi, Wakili, unakaa nao tu, hivi ninavyokaa mimi," alieleza Jumla, na akaendelea kueleza.

Shamimu aliketi kwenye benchi na kikombe chake, machozi yakimlenga. Muuza kahawa alipiga picha nyingi, na kila moja ilionyesha midomo mitatu wazi, mikono hewani, na binti mmoja kimya. Shamimu hakuwa na nyingine. Akatuma.

Jibu la msimamizi liliingia kahawa ingali moto, binti akawasomea: "Naona wahadhiri watatu na mwananchi mmoja anayesikiliza kwa makini. Inatosha. Lete ripoti."

Shamimu alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Wakili peke yake ndiye aliyenuna, akachukua kofia yake aondoke.

"Mwandikie tena," alisema. "Mhadhiri nilikuwa mimi. Hawa wawili walikuwa wananiingilia."