Tangazo la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Jumapili, 4 Mei
Aibu! Nimeshindwa tena na mtoto wa miaka kumi. Mchezo wetu wa kila jioni ni huu: gazeti linasomwa dakika tano, linafunikwa, kisha mama mkwe anauliza maswali kumi. Binti yangu kapata tisa. Mke wangu nane. Mimi mawili, na moja nilibahatisha. Mama mkwe kasema mtoto karithi akili za mama yake. Kasema huku mimi naosha vyombo, maana anayeshindwa ndiye anayeosha. Kesho watanitambua.

Jumatatu, 5 Mei
Mbinu tamu! Gazeti nimelinunua asubuhi, nikaenda nalo kazini, nikajificha nyuma ya magodoro. Mtunza stoo ni mimi, funguo ninazo mimi, nani anione? Nimekariri mpaka bei ya vitunguu. Jioni, kumi kwa kumi! Mama mkwe kanitazama kama mwizi. Simlaumu.

Jumanne, 6 Mei
Lahaula! Nainua macho kutoka ukurasa wa michezo, meneja huyu hapa mbele yangu. Kumbe lori la mteja limesubiri nje saa nzima. Hakufoka. Afadhali angefoka. Jioni nimepata kumi tena, lakini hazikunoga.

Ijumaa, 9 Mei
Nimepigwa na butwaa. Leo ulikuwa mchezo wa matangazo: kila mtu amtafutie mwenzake kazi inayomfaa. Binti kanitafutia mimi, ukurasa wa kumi na tisa. Kasoma kwa sauti: anatakiwa mtunza stoo, awe mwaminifu, asiwe mtu wa kusoma magazeti saa za kazi. Mke wangu kacheka hadi machozi, kasema hiyo baba hawezi kuipata. Jina la kampuni halikuandikwa, sanduku la posta tu. Sanduku ninaloliandika kwenye vifurushi mwaka wa tisa huu! Ni nafasi yangu! Na mimi bado nimo ndani yake! Nimekunywa glasi tatu za maji, nikasema hongera mwanangu, tangazo zuri.

Jumamosi, 10 Mei
Nimepata dawa. Nitaomba kazi yangu mwenyewe kabla hajaniwahi mtu. Tatizo ni kwamba barua zangu hazina mvuto. Nikatunga mchezo mpya: kila mtu aandike barua ya kuomba kazi ile ya jana. Ya mke wangu ni moto! Hata mimi ningemwajiri. Alipoingia jikoni nimeinakili haraka haraka, neno kwa neno, nikakimbia kuitumbukiza kwenye sanduku la barua langoni kazini. Nimerudi nikihema, lakini roho kwatu.

Jumanne, 13 Mei
Simu imelia. Ya mke wangu. Ni meneja, anamwita kwenye usaili! Nimeganda na kijiko mdomoni. Neno kwa neno! Mpaka jina lake! Mpaka namba yake ya simu! Kaniuliza yeye ameomba kazi lini. Njia ya mwongo ni fupi, nikasema yote. Nilijiandaa kwa makelele. Yeye kaenda kupiga gauni pasi.

Alhamisi, 15 Mei
Kaipata! Siamini macho wala masikio. Meneja kamuuliza kama anamfahamu mtunza stoo wa sasa. Kajibu anamfahamu mwaka wa kumi na mbili huu, na hana la kumtetea. Saa nane mchana nimekabidhi funguo. Kwa nani? Kwa mke wangu! Kanisainisha, na kahesabu magodoro yote kwanza. Mama mkwe kasema afadhali kazi imebaki humu humu ndani. Nimelia kidogo bafuni. Kazi ile niliipenda.

Jumatatu, 19 Mei
Matumaini! Mke wangu kaomba msaidizi, na tangazo limetoka leo. Jana nilipomwambia mimi si nipo, kasema niombe kama watu wengine. Haya. Alfajiri nimewahi kibandani nikanunua magazeti yote, nakala thelathini na nne. Muuzaji kaniuliza kama nimeanza kufunga karanga. Sebuleni hapapitiki. Sasa mpinzani ataliona wapi tangazo? Binti kaniuliza, na vibanda vingine je, baba? Nimemwambia aache tabia ya kukatisha watu tamaa.