Kifaru Aenda Ukweni

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Muthara.

Mkutano wa ukoo leo. Ajenda: chai, na ruracio, yaani kupeleka mahari, ya Mugendi, kitinda mimba wangu. Msichana ni Wanjira, wa kule Mbeere chini, upande wa Ishiara. Baba yake ni mfugaji, anaitwa Nthiga. Barabara ya kwake hula magari madogo na kutema vioo.

Nikasimama. Nikasema hakuna kukodisha kitu. Mimi Kobia nina gari, veni ya fowili, inayosukuma magurudumu yote manne, jina lake Kifaru. Itabeba wazee, kondoo na kibuyu cha asali mpaka ndani ya boma la muthoni wetu, huyo mkwe Nthiga.

Bundi akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Huyu Bundi ni rika yangu. Tulitahiriwa msimu mmoja. Mimi sikupepesa jicho. Habari zake waulize waliokuwepo. Ana pikapu, basi anajiona serikali. Akasema ati Kifaru imelala uani hadi kuku wameifanya maternity, na miguu ya mbele imekunjika kama ya mwana-mbuzi anayenyonya. Ati pikapu yake iko tayari.

Damu ikanipanda. Nikaapa mbele ya wazee wote: Kifaru isipofika kwa Nthiga kwa magurudumu yake yenyewe, basi Bundi ndiye ashike kibuyu cha asali, na yeye ndiye akae kiti cha baba siku hiyo. Mzee Muthamia, mkubwa wetu, akagonga fimbo chini, akasema limesikika. Kwetu neno likishasikika halirudi mdomoni.

Igoki, mke wangu, hajanipa chakula. Anasema nimeweka mtoto wake rehani. Nimemwambia aache uongo. Nimeweka rehani ubaba tu.

Jumanne, 5 Agosti.

Kutengeneza miguu ya mbele ya gari ni kazi ndogo. Mafundi huifanya kubwa ili wale. Mimi niliendesha trekta ya ushirika! Mugendi amepiga simu kutoka Embu, yuko ofisini huko, ananiomba nimwite fundi, yeye atalipa. Nikamwambia mtoto halipii aibu ya baba. Akauliza ni aibu gani. Nikakata simu. Hawa waliosoma wana maswali.

Jeki sina. Bundi anayo, kwa hivyo sina.

Lakini akili ninayo. Nimechukua gogo la mkaratusi, nikaweka jiwe katikati. Ncha moja chini ya Kifaru. Ncha ya pili nikamketisha Igoki. Igoki ni mama wa kutosha. Pua ya gari ikapanda juu kama lifti ya Nairobi. Nikang'oa gurudumu, nikaingia chini, nikaanza kufungua nati. Raha sana. Ndipo githeri, mahindi na maharagwe yake jikoni, ikaanza kunuka kuungua, na Igoki akasimama.

Niko hai. Gurudumu nililong'oa lilikuwa limelala kando yangu, ndilo lililopokea gari. Nimewaambia majirani nililiweka hapo makusudi. Igoki hakuomba msamaha. Anasema githeri ni ya watu wengi na mimi ni mmoja.

Alhamisi, 7 Agosti.

Kila kitu kimetoka. Uwanja wote ni vyuma. Kuku wamehama kwa hasira.

Kifaru haina spring huko mbele. Ina vyuma viwili virefu kama fimbo za kuchungia, kimoja kila upande. Gari ikiingia shimo chuma kinajisokota, ikitoka kinajinyoosha. Kimoja kilikuwa na alama ya rangi nyeupe, kingine nyekundu. Igoki akasema nifunge uzi kwa kile cha kushoto nisije nikavichanganya. Nikamuuliza ni nani hapa alisomea magari. Akasema hakuna. Nikaona hilo si jibu la heshima.

Nimevisugua kwa mchanga na dizeli mpaka vinang'aa kama vijiko vya harusi. Rangi zote zimekwenda. Sasa ni mapacha. Hakuna neno. Chuma hakijui kushoto wala kulia, si mwanajeshi.

Shida ni bushi, ule mpira unaokaa kwenye maungio. Umeoza kama ndizi ya juzi. Kule Meru mjini zinauzwa, lakini muuzaji ni shemeji ya Bundi. Nimpe Bundi habari kwa mkono wangu? Nikakaa, nikatafuna miraa kidogo, nikafikiri. Bushi ni mpira mgumu. Mpira mgumu kabisa ni tairi ya lori. Tairi ya lori ikishakatwa kuwa viatu inaitwa akala. Na akala nene kuliko zote hapa Tigania ziko miguuni kwa Bundi.

Mungu humwonyesha njia mtu mwenye bidii.

Ijumaa, 8 Agosti.

Ednah, mke wa Bundi, hataki matope ndani ya nyumba. Akala hubaki mlangoni. Nilipita kuwasalimia tu, kama jirani. Nikakunywa uji wao. Wakati wa kutoka nilikuwa na koti zito kidogo.

Nimezikata kwa panga, nikatoboa kwa msumari wa moto. Zimeingia kwenye maungio kama zilizaliwa humo. Zinanuka Bundi, lakini zimekaa.

Jumapili, 10 Agosti.

Bundi amekuja kanisani na viatu vyeusi vya kubana. Alikuwa akitembea kama kuku juu ya makaa. Anasema mbwa wamemwibia akala, na anazililia kwa sababu alizipigia msumari wa shaba kisiginoni, kila moja, ili zisibadilishwe mtoni. Sikuwa nimeuona huo msumari. Panga langu liliuona, ndiyo maana lina pengo.

Baada ya ibada nikamsaidia kutafuta vichakani. Nilitafuta kwa bidii kuliko yeye. Niliingia hadi kwenye miiba. Akanishika bega akasema kweli rika ni rika. Nikasikia kitu kinaniuma ndani. Ilikuwa njaa.

Jumatano, 13 Agosti.

Grisi imeisha dukani. Igoki ana mtungi wa mafuta ya mkia wa kondoo, ameyaweka kwa ajili ya wageni. Mafuta ni mafuta! Nimepaka kila ungio mpaka yakatiririka. Igoki akiuliza, ni panya.

KIFARU IMESIMAMA. Pua juu, kama mtamba aliyesikia harufu ya magadi. Nimeizungusha mpaka sokoni na kurudi. Nilipita kwa Bundi polepole. Nikarudi nikapita tena. Mbwa wote wa Muthara walinisindikiza, wakiramba magurudumu. Hata mnyama anajua heshima.

Bundi anasema Jumamosi atatufuata na pikapu tupu, ati kwa urafiki tu. Nimemwambia aje ajifunze.

Ijumaa, 15 Agosti.

Asubuhi Kifaru ilikuwa imeshuka kidogo mbele. Igoki anasema imechuchumaa. Nimemweleza inapumzika, kesho ina safari. Ameenda kuosha viatu vyangu vya kanisa huku akiimba wimbo wa mazishi. Sikupenda.

Jumamosi, 16 Agosti. Kathwana, tumesimama kwa chai.

Mambo ni mazuri. Wazee wanalalamika viuno, lakini wazee walianza kulalamika kabla ya barabara. Kondoo ametapika kwenye koti la Mzee Muthamia. Kibuyu cha asali kiko mapajani kwangu.

Mbwa wa Kathwana wameingia chini ya gari. Wanang'ang'ana na kitu huko. Nimewafukuza. Mmoja alikimbia na kitu cheusi mdomoni. Bundi amesimama kando ya pikapu yake amevua viatu, anapepea vidole. Anatabasamu. Mbona anatabasamu?

Siku hiyo hiyo. Naandika nikiwa chini ya Kifaru, langoni kwa Nthiga.

Nitaeleza kwa utaratibu. Muda ninao.

Tuliona boma. Akina mama wa kwao walikuwa langoni wakiimba, na wetu wakajibu. Nikapiga honi. Nikakanyaga mafuta ili tuingie kwa kishindo kama watu. Pua ikapita lango. Ndipo kukasikika KRA, halafu KRA nyingine, na Kifaru ikapiga magoti. Yote mawili! Kifua chini, nusu ndani ya boma, nusu nje. Kipande cha mpira kikachomoka, kikabingirika taratibu mbele ya watu wote, kikalala kwenye kiatu cha Bundi, aliyekuwa ameshashuka kwenye pikapu. Kilikuwa na msumari wa shaba.

Bundi akakiokota. Akauangalia msumari. Akaangalia miguu yake ilivyovimba. Hakupiga kelele, maana mbele ya muthoni watu hawagombani. Alisema tu kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, ati aliniona nikiingia kwenye miiba.

Nikamwambia Mzee Muthamia kwamba tumefika, pua ishapita lango, kiapo kimetimia. Mzee akajipangusa matapishi ya kondoo na kusema aingiaye bomani kwa tumbo ni nyoka. Bundi akachukua kibuyu cha asali mikononi kwangu. Mugendi, aliyekuja moja kwa moja kutoka Embu, hakuniangalia. Hiyo ndiyo iliyouma. Si njaa.

Nikaingia chini haraka nitengeneze kabla hawajamaliza kusalimiana. Nati moja ikanishika suruali nyuma. Nikavuta. Suruali yote ya nyuma ikabaki na Kifaru. Na hapo hapo nikasikia Gladys, mama yake Wanjira, anakuja na akina mama wenzake kuona gari. Muthoni haonyeshwi matako. Hata Mbeere wanajua. Basi nikakaa.

Nikawasikia ndani. Viti vinavutwa. Nthiga akauliza, kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe, baba ya kijana ni yupi. Nikajua Bundi yuko kwenye kile kiti, anasafisha koo. Halafu nikamsikia mtoto wangu. Akasema baba yake ni ile miguu.

Nthiga akatoka. Niliona matege yake na fimbo tu. Akanidunga unyayo, akauliza kama nimekufa. Nikasema sijambo, nasalimia udongo wa muthoni. Akacheka akakohoa, akakohoa akacheka. Akawaambia watu wake yeye haozi binti kwa kiti, anaoza kwa baba. Viti viletwe hapa langoni.

Na ruracio ikafanyika hapa. Wazee wamekaa, mbuzi wanapita juu ya miguu yangu. Jibu la baba likitakiwa, Mzee Muthamia anagonga boneti, nami najibu kutoka chini. Kila nikijibu akina mama wanapiga vigelegele. Nadhani sauti yangu ni nzuri zaidi nikiwa nimelala.

Ikafika asali. Nthiga akasema hapokei asali ambayo baba hajaishika. Kwa hivyo Bundi, na viatu vyake vya kubana, ilibidi apige magoti kwenye mavumbi, halafu ainame mpaka shavu chini, anipitishie kibuyu. Tukaangaliana. Akaninong'oneza: "Kobia, wewe ni mwizi wa kawaida tu. Lakini shika vizuri, usimwage ya mtoto."

Nilishika vizuri. Haikumwagika hata tone.

Sasa wanakula. Nyama inanipitia puani. Mbwa wa hapa wameanza kukusanyika.

Jumatatu, 18 Agosti. Nyumbani.

Nilirudi nyuma ya pikapu ya Bundi, nimefungwa leso ya Gladys kiunoni. Igoki alikaa mbele. Walikuwa wakicheka mpaka Muthara, nadhani ni kuhusu mambo mengine.

Kwa ufupi, nilishinda. Asali niliishika. Bundi alipiga magoti mbele yangu, mashahidi wako kaunti mbili. Na Kifaru yenyewe ilimpigia muthoni magoti, ni gari gani lingine lina adabu hiyo? Wazee bado wanabishana kuhusu pua na lango. Wabishane.

Mugendi amepiga simu. Anasema Nthiga ananisalimu sana, lakini watu wake wanaingia nyumbani kupitia uani kwa sababu Kifaru imeziba lango, na kuku wake wameanza kutaga ndani. Fundi mmoja wa Ishiara ameichungulia, akasema vyuma vile viwili viliwekwa kinyume, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto. Kijana mdogo! Ameona gari mara moja anaanza kutoa unabii. Igoki alikuwa karibu na simu. Aliniletea uzi, akauweka mezani.

Nimetumia huo uzi kushona suruali.

Kosa ninalijua mimi. Akala zilikuwa nyembamba. Bundi huburuta miguu, alikuwa amezila upande. Wiki ijayo naenda Mbeere na bushi mpya, Kifaru itasimama na itarudi nyumbani pua juu.

Bundi amenunua akala mpya. Tairi ya trela, nene kama mkate. Ednah bado hataki matope, kwa hivyo ziko pale pale mlangoni, lakini safari hii amezifunga kwa mnyororo na kufuli. Nimepita leo kuwasalimia. Nikakunywa uji wao. Mnyororo ni mwembamba.

Mimi nina msumeno.