Mama Mkwe na Chombo cha Maua cha Daktari

Leo nimeaibika mbele ya pantoni nzima. Nawaandikia nyie mlioko Dar mapema, kabla makondakta wa mabasi hawajawafikishia habari wakatia chumvi. (Chumvi yenyewe haihitajiki. Imejaa.)

Mnajua mimi ni mpishi wa daktari Mfaransa hapa Ifakara, yule mama anayechunguza mbu. Mnajua pia nimemposa Yustina. Jana nikaletewa taarifa kwamba mama yake anavuka mto kutoka upande wa Mahenge, kuja kuona mwanawe ataishi wapi. Akiridhika, posa inapita. Asiporidhika, basi tena.

Nikatazama chumba changu. Kitanda, meza, stuli, kalenda ya mwaka juzi. Nikatazama sebule ya daktari, ambaye alikuwa safarini Mahenge, wa kurudi kesho, si leo. Mezani pale kuna chombo chake cha maua, cha kauri, anachokipenda kuliko mbu wake. Kimechorwa samaki wekundu, matete, na ndege wa miguu mirefu kama hawa wa kwenye majaruba yetu ya mpunga. Aliwahi kunieleza kwamba kilitengenezwa Ufaransa na watu waliokuwa wakiwaiga Wajapani. Nikasema, kama Mfaransa kamwiga Mjapani na hakufungwa, mimi kumwiga Mfaransa siku moja kuna kosa gani?

Nikakibeba hadi mezani kwangu. (Nimeazima jamani, sikuiba. Mwenyewe tu ndiye hakuwa na habari.)

Mama mkwe akafika leo asubuhi. Nikachuchumaa, nikamwamkia, nikakaa mbali kama adabu inavyotaka. Hakutazama kitanda wala kalenda. Alitazama mezani.

"Baba, na hiki?"

"Kitu kidogo tu, mama. Niliagiza Ufaransa."

"Kidogo?"

"Vidogo vidogo kama hivyo tunavyo, mama." (Mdomo huu!)

Akatabasamu. "Basi hiki naondoka nacho, wakakione nyumbani. Mkwe wangu ana mkono wa kutoa."

Nyie, mkwe ananyimwa? Akakifunga kwenye khanga, akashukuru, akaenda zake. Posa imepita! Nikabaki kwenye stuli, nusu bwana harusi, nusu mwizi.

Nikarukia baiskeli. Nilikanyaga hadi Kivukoni, pale mtoni, jasho likinichuruzika, huku nikipanga uongo: nitasema kina ufa, nakirudisha kukiziba. Nikamkuta kwenye foleni ya pantoni. Chombo kiko miguuni pake, kimejaa perege! Kawanunua kwa wavuvi, kapu hana, na chombo si kimechorwa samaki? Mikia imechomoza juu.

Kabla sijafungua mdomo, pantoni ikafika. Gari la kwanza kushuka: la daktari! Karudi siku moja kabla.

Likasimama. Daktari akashuka, akachuchumaa mbele ya ile mikia.

"Shikamoo, mama. Kizuri sana hiki. Umekipata wapi?"

"Marahaba. Kwa mkwe wangu huyu hapa. Kaagiza Ufaransa."

Daktari akaniangalia. Hakupandisha sauti.

"Hongera, Deo. Mimi pia ninacho kama hicho. Twende nyumbani ukaniletee changu, tuvilinganishe."

Foleni nzima ikanigeukia. Hata wapiga makasia wa mitumbwi waliacha kupiga. Nikasema, kwa sauti ya mbu, "Daktari, ndicho hicho."

Mama mkwe hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliwatoa perege mmoja mmoja, akawafunga kwenye khanga. Mkubwa kuliko wote akamwacha ndani, kisha akamkabidhi daktari chombo kwa mikono miwili.

"Samahani mwanangu, sikujua. Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Akanigeukia mimi. "Mwanangu haolewi kwa heshima ya kuazima. Siku ukiwa na kitu chako, hata kibuyu, utaniita."

Akapanda pantoni bila kugeuka nyuma. Watu wakaanza kucheka, mmoja akaniuliza kama nina vingine nyumbani.

Daktari kanisamehe. Yule perege nimempikia, kasifia. Posa ndiyo imelala. Inaniuma, sifichi, maana Yustina nampenda.

Naomba msicheke. Mwenye huruma anitumie jagi la plastiki, ila kwanza aandike jina langu juu yake, kwa wino usiofutika.